Kanuni ya Maji ya Chumvi

Wazee wangu wa bao mnaonipa mgongo, shikamooni. Wewe kijana wa bodaboda uliyelaza miguu juu ya usukani, nimekuona. Muuza kahawa, mimina taratibu na usigonge vikombe wakati nazungumza. Mlio wa vikombe vyako umewahi kunipotezea hoja mbili ambazo taifa hili halijazipata tena mpaka leo.

Nimealikwa kutoa mhadhara. Aliyenialika ni mimi mwenyewe, lakini utaratibu ulifuatwa: nilijiandikia barua, nikaisoma, nikajijibu siku hiyo hiyo. Mada ni hii inayowagombanisha hapa kijiweni kila kikosi cha Taifa Stars kinapotajwa. Je, kocha aanze na wachezaji wa ligi ya ndani, au aendelee kuwasubiri maprofesheno wanaoshuka kwenye ndege wakivuta masanduku ya magurudumu, masikioni wamevaa vidude vikubwa kama vya rubani? Jibu langu liko kwenye karatasi hizi za mfuko wa kulia. Za mfuko wa kushoto msiniulize.

Sifa zangu kwanza, maana leo naona sura ngeni. Sina leseni ya ukocha ya daraja lolote, na huo ndio uhuru wangu. Mwenye leseni ana mkataba, mwenye mkataba ana hofu ya kutimuliwa. Mimi atanitimua nani? Benchi hili la mbao nimelikuta na litaniacha. Mwaka 1979, Stars ilipokwenda Ndola kumalizana na Zambia, nilikuwa mtoto, na kazi yangu siku ile ilikuwa kushika waya wa redio ya baba dirishani ili sauti isikatike. Peter Tino akafunga. Sare ya 1-1, juu ya ushindi wetu wa nyumbani, ikatupeleka Lagos kwenye fainali zetu za kwanza za Afrika. Watu wanamsifu Tino mpaka leo, na wana haki. Ila hebu jiulizeni, ule waya ungedondoka?

Lagos, 1980, tulikwenda na vijana wa nyumbani. Tukafungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka 1-1 na Côte d'Ivoire. Alama moja. Tukakaa miaka 39 bila kurudi. Mwaka 2019 tukaenda Misri, safari hii nahodha ni Mbwana Samatta wa Genk ya Ubelgiji, na pembeni yake wenzake wa nje. Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Alama sifuri. Sasa wewe mwenye simu yenye kikokotoo, toa sifuri kwenye moja. Inabaki nini? Inabaki moja, na hiyo moja ni ya wachezaji wa ndani. Mhadhara ungeweza kuishia hapa na kila mtu akaenda kuswali, lakini mtaalamu haishii pale hoja inapotosha. Anaishia pale kahawa inapokwisha.

Nina kanuni saba. Muda unaturuhusu tatu, na mbili kati ya hizo tatu mke wangu amezifungia maandazi asubuhi. Kwa hiyo tunaanza na ya kwanza, ambayo ndiyo mama wa zote: Kanuni ya Maji ya Chumvi. Inasema hivi. Mchezaji akivuka maji ya chumvi kwenda kusakata soka la kulipwa, mguu wake unabadilika. Akirudi hauelewi tena udongo wa kwao. Anapiga pasi kwa mtu ambaye angekuwepo kama angekuwa Mzungu.

Ushahidi ni Samatta huyo huyo. Mwaka 2011 alitoka Simba akaenda Lubumbashi, TP Mazembe. Lubumbashi unaweza kwenda kwa basi. Ni safari ya kuchosha, lakini ni nchi kavu toka Ubungo mpaka getini kwa Mazembe. Hakuna maji ya chumvi. Na kilitokea nini? Mwaka 2015 wakachukua Ligi ya Mabingwa Afrika, na Januari 2016, kule Abuja, kijana wa Mbagala akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara. Mnaona? Nchi kavu! Kanuni imesimama kama mnazi.

Kijana, shusha mkono. Najua unachotaka kusema. Unataka kusema kwamba baada ya hapo alivuka, akaenda Genk, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa, na tarehe 1 Machi akafunga kwa kichwa pale Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Goli hilo nimelichunguza mara nyingi. Kwa mujibu wa kanuni, halikupaswa kuingia. Nimeandika pembeni ya daftari: "uzembe wa mabeki". Na Villa walifungwa 2-1, kwa hiyo sayansi ilipata nafuu filimbi ya mwisho ilipolia.

Mzee wangu hapo kwenye bao ameniuliza swali bila kugeuka, na swali la mtu asiyegeuka ndilo huwa gumu. Anauliza: Feisal Salum je? Fei Toto ni mtoto wa Unguja. Kuja Dar es Salaam kavuka nini, mtaro? Kavuka bahari, mzee wangu, chumvi tupu. Kwa kanuni yangu Fei Toto ni profesheno wa nje tangu siku alipopanda boti pale Malindi. Hili limeninyima usingizi. Wazanzibari wana ligi yao, wana timu yao ya Zanzibar Heroes iliyotufunga sisi wa Bara 2-1 kwenye Chalenji ya 2017 na kufika fainali, na mwaka huo huo walipewa uanachama wa CAF mwezi Machi wakanyang'anywa mwezi Julai. Kwa hiyo ukisema "ligi ya ndani" mbele ya Mzanzibari, atakuuliza: ndani ya wapi? Nimeamua kuifanyia kanuni marekebisho madogo. Chumvi inahesabiwa kuanzia safari ya zaidi ya saa mbili. Boti ya mwendokasi imesalimika. Jahazi bado tunalijadili.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye kanuni ya nne. Ya pili na ya tatu ndizo nilizowaambia, maandazi.

Kanuni ya nne inauliza neno "ndani" lina ukubwa gani. Nchi hii ina Kigoma, ambako watoto wanapiga chenga huku wamebeba migebuka. Ina Mtwara, ina Bukoba, ina Tanga iliyotoa mafundi mpaka ikachoka. Lakini kocha akisema "nimewapa nafasi wachezaji wa ndani", chukua kikosi ukisome: Simba, Yanga, Yanga, Simba, Azam, Simba, Yanga, na mmoja wa mkoani wa kubeba mipira. Kwa maana hiyo "ndani" ni mahali unapoweza kupazunguka kwa miguu, kutoka Msimbazi hadi Jangwani, na ukabaki na muda wa kununua viazi karai. Azam wako Chamazi, unapanda daladala, ndiyo hao wa mkoani. Halafu hao wa mitaa miwili wakivaa jezi moja, mimi huwa nakaa nahesabu pasi. Wa Simba anampa wa Simba. Wa Yanga anamtafuta wa Yanga. Mpira ukimfikia adui, ndipo wanacheza kama taifa.

Sasa shikeni vikombe. Nakuja kwenye jambo ambalo lilinifanya nisitoke nyumbani siku mbili.

Niliamua kuchagua mwenyewe straika wa ndani. Nikasema nitafuata haki: atakayeongoza kwa magoli kwenye Ligi Kuu yetu ndiye namba tisa wa taifa, hakuna kubembelezana na ndege. Nikafungua daftari. Msimu wa 2018/19 na ule wa 2019/20, mfungaji bora ni Meddie Kagere. Safi! Nikauliza, kwao wapi? Rwanda. Nikageuza ukurasa. Fiston Mayele wa Yanga akafunga mpaka watoto wote wa mtaa wakawa wanatetema. Mkongomani. Msimu wa 2023/24, Stephane Aziz Ki, magoli 21. Burkina Faso. Uliofuata, Jean Charles Ahoua wa Simba. Côte d'Ivoire. Katikati hapo yupo John Bocco, yupo George Mpole wa Geita Gold, Mungu awape umri. Lakini wengine wote nilipowaita kwenye kikosi changu cha wazalendo, walikuja na pasi za kusafiria za rangi mbalimbali. Klabu moja iliruhusiwa kusajili wageni 12. Kumi na wawili! Ongeza mmoja upate timu yenye mwamuzi wa akiba. Na straika wetu, yule mzawa tunayemgombea hapa kila jioni, yuko ndani kweli. Ndani ya benchi.

Kuna waliotafuta njia ya mkato. Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars, wa kutoka Ghana, Guinea na Côte d'Ivoire, walipewa uraia wa Tanzania, na nchi nzima ikageuka wanasheria kwa wiki mbili. Mimi sikutoa maoni. Nilikuwa naumwa jino.

Baya zaidi ni Djigui Diarra. Yule kipa wa Yanga anayetoka golini kama ameona moto jikoni. Mnamjua. Huyo ni kipa namba moja wa Mali, AFCON iliyochezwa Januari 2024 alikaa langoni kwao. Wanampigia simu Dar es Salaam, anapanda ndege, anakwenda kudaka, anarudi Jangwani. Fikirini vizuri, wanafunzi wangu. Kwa Mali, profesheno wa nje ni yule anayekaa hapa. Dar es Salaam ni nje! Mahali fulani Bamako, chini ya mwembe, kuna mzee kama mimi, amevaa kofia kama hii, anawaambia vijana wake: "Yule Diarra ameharibika, tangu ahamie Ulaya ya Kariakoo mguu umebadilika, pilau imemzidi, wekeni kipa wa hapa nyumbani." Na vijana wanatikisa vichwa. Niliumia sana kugundua kwamba mtu huyo, ambaye nadharia yake ni yangu neno kwa neno, amekosea kabisa.

Muuza kahawa, cha pili. Andika.

Turudi kwenye nguzo. Kila nadharia ina nguzo, na ya kwangu ni Misri. Mwaka 2006, mwaka 2008, mwaka 2010, mara tatu mfululizo, Hassan Shehata alichukua Kombe la Afrika na kikosi ambacho wengi wao walikuwa wakicheza pale pale Cairo na Ismailia. Al Ahly, Zamalek, Ismaily. Mohamed Aboutrika hakuwa na sanduku la magurudumu. Alitoka mazoezini akaenda kula kwao. Hakuna taifa lingine lililowahi kufanya hivyo mara tatu mfululizo. Sema tena ligi ya ndani haina faida!

Simu ya kijana imeshatoka mfukoni. Simu hizi zitatuulia elimu. Anasoma kwamba Misri hao hao, wakiwa wafalme wa Afrika, hawakwenda Kombe la Dunia la 2010, walitolewa na Algeria kwenye mechi moja ya ziada kule Omdurman, 1-0. Ni kweli. Na baada ya taji la tatu wakakosa AFCON tatu mfululizo. Ni kweli pia, kijana, punguza sauti. Lakini mbona husomi ya upande wa pili? Alipokuja Mohamed Salah wa Liverpool, wakaenda Urusi 2018 kwa penalti yake dhidi ya Kongo dakika za nyongeza, na huko Urusi wakafungwa mechi zote tatu. Na wa ndani wakafeli, na wa nje akafeli. Hapo mwanafunzi wa kawaida angesema nadharia imekufa. Mtaalamu anasema imekomaa.

Au chukueni Senegal, tarehe 31 Mei 2002, mji wa Seoul, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia. Senegal dhidi ya Ufaransa, mabingwa wa dunia. Ufaransa wamejaa watu wanaocheza Uingereza na Italia. Senegal je? Karibu kikosi kizima kinacheza ligi ya Ufaransa. Papa Bouba Diop, aliyefunga lile goli moja na kuivua jezi akaizunguka akicheza ngoma, alikuwa mchezaji wa Lens. Kwa hiyo nawauliza: siku ile, timu ya wachezaji wa ligi ya ndani ya Ufaransa ilikuwa ipi? Ilikuwa Senegal! Mabingwa wa dunia walifungwa na wale waliobaki nyumbani kwao kuwalindia ligi. Hili swali niliwahi kumuuliza mwalimu mmoja wa jiografia, akaomba ruhusa ya kwenda msalani na hajarudi.

Sasa Zambia.

Hapa naivua kofia, na naomba na nyie wa bao msimamishe kete kidogo. Tuliwatoa wao mwaka 1979 na tukacheka sana. Aprili 1993 ndege ya jeshi iliwabeba kwenda kucheza na Senegal. Iliposhuka Libreville kujaza mafuta na kupaa tena, ikaanguka baharini. Watu 30, wachezaji 18 kati yao. Kalusha Bwalya alikuwa PSV ya Uholanzi, na ilikuwa asafiri kivyake kutoka huko. Ndiyo maana alibaki hai. Siku zile hakuna aliyeuliza nani wa ndani na nani wa nje. Waliokota vijana kutoka ligi ya nyumbani, Kalusha akaja na unahodha, na mwaka uliofuata, 1994, wakafika fainali ya Afrika pale Tunis. Wakatangulia kufunga. Nigeria wakarudisha na kuongeza, magoli yote mawili ya Emmanuel Amunike. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa kocha wetu 2018, aliyetupeleka Misri kuchukua sifuri yetu.

Na 2012 Zambia wakarudi mji ule ule, Libreville, fainali, mbele yao Côte d'Ivoire ya Drogba na Yaya Touré na mastaa wa kila ligi yenye mwanga. Drogba akapaisha penalti. Ikaenda mikwaju, 8-7, wa mwisho Stoppila Sunzu. Nilikaa na daftari kuwapanga mabingwa wale kwenye mafungu yangu mawili. Sunzu na Kalaba walikuwa Mazembe, nchi kavu. Kipa Mweene alikuwa Afrika Kusini, nchi kavu. Mayuka alikuwa Uswisi. Nahodha wao Chris Katongo alikuwa China. China! Nikaiweka kalamu chini. Kwa sababu ya heshima ya mji ule, Zambia nimeiondoa kwenye nadharia. Vaeni kofia. Endeleeni na bao.

Tulikuwa tunaelekea wapi? Moroko. Hao ndio adui wa sayansi.

Moroko walikwenda Qatar 2022 na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Mwafrika wa kwanza kufika hapo, na katika wachezaji wao 26, 14 hawakuzaliwa Moroko. Hata kocha wao wa wakati ule, Walid Regragui, ni mzaliwa wa Ufaransa. Nikasema sawa, hao ni watu wa nje, nimewajua, nimewaweka kwenye droo ya nje, nikafunga na ufunguo. Kumbe hao hao wana CHAN, mashindano ya Afrika ambayo haruhusiwi mtu asiyecheza ligi ya nchi yake. Wamelichukua kombe hilo mara tatu: 2018, kisha lile lililochezwa 2021, kisha 2025 pale Kasarani, Nairobi, wakiifunga Madagascar 3-2. Watu gani hawa wasio na msimamo? Chagueni! Taifa haliwezi kuwa hodari pande zote mbili, linawanyima wachambuzi riziki.

Na sasa nitawaonyesha ugunduzi wangu mkubwa. Naomba mama wa maandazi aache kuhesabu chenji.

Agosti 2025, CHAN imekuja nyumbani, Kenya, Uganda na sisi. Vijana wetu wote wa ndani. Tukaifunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1, sare na Afrika ya Kati. Mji ukawaka. Mimi hapa niliwaambia nini? Niliwaambia: ndani, ndani, ndani! Tukaingia robo fainali Kwa Mkapa na Moroko wa ndani. Kocha wetu ni Hemed Suleiman, ambaye utani wake tangu zamani ni "Morocco". Morocco wetu dhidi ya Moroko yao. Tukafungwa 1-0.

Haya. Desemba ya mwaka ule ule, AFCON, Rabat na Fès. Safari hii kocha ni Miguel Gamondi, na maprofesheno wamo. Tukafungwa na Nigeria 2-1. Sare ya 1-1 na Uganda, goli la Simon Msuva wa penalti, Msuva aliyekuwa akila mkate wake Iraq. Sare ya 1-1 na Tunisia, goli la Feisal Salum, wa Azam, wa ndani, wa boti. Alama mbili, zikatutosha kuvuka makundi kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda. Mji ukawaka tena. Na mimi niliwaambia nini? Nilisema nilichosema, msinikumbushe. Kumi na sita bora, Januari 4, 2026, tunakutana na nani? Moroko. Lakini Moroko ya mastaa, ya ndege, ya Brahim Díaz wa Real Madrid, mzaliwa wa Málaga. Tukafungwa ngapi?

Semeni kwa sauti. Moja kwa sifuri.

Wa ndani kwa wa ndani, 1-0. Wa nje kwa wa nje, 1-0. Ndani ya miezi mitano, viwanja viwili, watu tofauti, goli lile lile. Nimechora jedwali. Nimelitazama wima, nimelitazama kichwa chini. Mzee wa bao hapo anasema labda maana yake ni kwamba Moroko wana viwanja, wana shule za mpira, wana makocha wa watoto wa miaka kumi, na akitoka huyo anaingia yule. Mzee wangu, kwa heshima zote, hayo ni maneno mepesi mno kwa mhadhara. Tukikubali hivyo, tutabishana nini jioni? Mimi natafsiri kisayansi: tofauti kati ya mchezaji wa ndani na wa nje ni sifuri, na sifuri, kama tulivyothibitisha mwanzoni, ni ya wachezaji wa nje. Kwa hiyo wa ndani wameshinda.

Kijana acha kucheka, utaangusha pikipiki.

Na kwa upande wa alama naomba mzingatie maendeleo. Mwaka 1980, alama moja. Mwaka 2025, alama mbili. Miaka 45, ongezeko la asilimia mia. Wachumi wanatutamani.

Wakati mwingine nalala nikimhurumia kocha. Mzee Mwinyi, rais wetu wa zamani, aliwahi kuilinganisha timu yetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi anajifunzia kunyoa. Watu walidhani anawasema wapinzani waliokuwa wakija kutufunga. Mimi siku zote nimejiona kwenye kauli ile, na nimejivunia. Wembe wangu huu hapa, ni kalamu. Kocha akiita wa ndani, nasema: hivi hao wa nje kawasahau, au ana chuki? Akiita wa nje, nasema: jamaa ametua Jumatatu usiku, Jumanne kafanya mazoezi mepesi, yaani katembea, Jumatano kapiga picha na shangazi zake, Alhamisi anataka kucheza dakika 90 kwenye joto la Temeke, na huku aliyeshinda ligi nzima anafukuza mpira yuko jukwaani anakula karanga. Vyote viwili nimevisema, na vyote viwili vilikuwa kweli siku niliyovisema.

Lakini mwisho wa yote, mimi ni mtu wa ndani, na nitakufa wa ndani, na sababu ninayo, ina miaka 20 na inaishi kwangu. Mpwa wangu. Mnamfahamu, namba tatu wa timu ya mtaa, beki tatu kama mnavyomwita, na msicheke, hafui nguo za mtu. Mguu wa kushoto wa kijana yule ni hazina. Kwenye ndondo ya mwaka jana alimzuia winga mmoja mpaka yule winga akaomba kuhamia upande wa pili, na upande wa pili akalia. Kocha gani wa taifa amekuja kumwangalia? Hakuna. Wanaangalia Ubelgiji, wanaangalia Uturuki, hapa pembeni ya karakana hawaangalii. Mimi mjomba wake ndiye niliyemnunulia njumu za kwanza, mtumba wa Karume, moja saba na moja saba na nusu. Ndiyo maana akikata anakata kwa ndani.

Nani amesema? Nani amekuambia kuhusu Muscat? Dada yangu ana mdomo.

Basi, kwa kuwa imeshavuja. Kijana amepata majaribio. Klabu siitaji, mambo haya yanaharibika yakitajwa, ila ni Muscat, na ni wiki mbili, na wakimkubali ni mkataba. Naona mnanitazama. Najua mnafikiria maji ya chumvi, na zile saa mbili za boti. Hebu tulieni, mpate elimu. Muscat na Unguja ni maji yale yale. Majahazi yalikwenda na kusi na kurudi na kaskazi kabla hajazaliwa mtu wa kwanza aliyepiga mpira kwa mguu. Mtu wa pwani akienda Muscat hajavuka, amepita uani. Atakula wali ule ule, atakuta watu wanaongea Kiswahili kuliko wewe wa bodaboda. Kwa mujibu wa marekebisho ya pili ya kanuni, niliyoyapitisha jana usiku, Oman ni ligi ya ndani.

Na AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Atakuja na kaskazi, akiwa profesheno. Kocha asipomwita siku hiyo nitasimama hapa na karatasi za mfuko wa kushoto, na mtasikia habari ya nchi inayowadharau vijana wake waliotoka nje kutafuta.

Nauli bado haijatimia. Hii kofia naivua tena, inaanzia kwa wazee wa bao, inazunguka kwa mama wa maandazi, inarudi. Muuza kahawa, vikombe vyangu vitatu viweke kwenye mchango wako.